Makosa ya kudumu kwenye ZFS: diski zote mbili zikikosea sawasawa, shaka ielekee kwingine

SWALI: Mtaalamu, ninatunza seva ndogo ya Linux yenye hodhi moja (pool) la ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili, juu ya diski mbili zinazoakisiana, yaani kila moja ina nakala ya data ileile. Amri ya zpool status -v sasa inasema kuna makosa ya kudumu na inaorodhesha mistari minne: faili la video, faili lililo ndani ya snapshoti (nakala isiyobadilika ya hali ya mafaili ya wakati fulani) ya zamani, mstari usio na jina bali namba tupu <0x1a3>:<0x4f2>, na picha ya mashine pepe ambamo hifadhidata ya PostgreSQL inaendeshwa. Safu ya CKSUM, inayohesabu makosa ya cheksamu, inaonyesha 14 kwa kila diski. Ripoti za SMART, yaani taarifa za diski kuhusu afya zake zenyewe, ni safi kwa diski zote mbili. Nimeendesha skrabu (ukaguzi unaosoma data yote ya hodhi) mara mbili, mistari ileile inarudi. Nitayapataje mafaili haya? Je, ninunue diski mpya? Na je, nikiendesha zpool clear tatizo litaisha?

JIBU: Ndugu msomaji, maswali yako mawili ya mwisho yana jibu fupi: usinunue diski kwa sasa, na usiendeshe zpool clear. Swali la kwanza linahitaji maelezo marefu, kwa kuwa kila mmoja wa mistari minne uliyoitaja una tiba yake. Hata hivyo, jambo lenye uzito kuliko yote katika barua yako umeligusa kwa kupita tu, nalo ni kwamba diski zote mbili zina idadi ileile ya makosa. Nitaanza na hilo, maana usipolitatua, kila faili utakaloliokoa utakuwa umelirudisha mikononi mwa mashine ileile iliyoliharibu.

ZFS hukokotoa cheksamu (namba ya uhakiki inayotokana na data yenyewe) ya kila bloku (kipande cha data) wakati wa kuiandika, wala haiihifadhi cheksamu hiyo pamoja na bloku yenyewe, bali huiweka ndani ya kielekezi kilicho kwenye bloku ya ngazi ya juu, ambayo nayo inalindwa na cheksamu iliyo juu yake, hivyo hivyo hadi kwenye shina la mti mzima. Kwa mpangilio huo, diski haiwezi kurudisha bloku iliyoharibika, wala bloku ya zamani, wala bloku ya mahali pengine, ikapita bila kugundulika. Bloku inaposomwa na cheksamu isilingane, ZFS huiendea nakala iliyo kwenye diski ya pili. Nakala hiyo ikiwa nzima, mfumo humpa msomaji data sahihi, huiandika upya nakala mbovu, huiongezea diski iliyokosea hesabu ya CKSUM, na kazi huendelea bila mtumiaji kuhisi chochote. Jina la faili huingia kwenye orodha ya makosa ya kudumu pale tu ambapo hapakupatikana nakala hata moja iliyolingana na cheksamu yake.

Sasa pima uwezekano. Kwamba diski huharibu data kimyakimya ni jambo lililothibitika. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2008, uliofuatilia diski milioni 1.53 kwa miezi 41, ulikuta zaidi ya matukio 400,000 ya cheksamu kutolingana. Lakini kwa kawaida kila diski hukosea peke yake. Ili mafaili yako yaingie kwenye orodha kwa kosa la diski tupu, ingelazimu diski mbili tofauti ziharibu bloku zilezile za data, kila moja kwa sababu yake, na zote zifanye hivyo huku SMART ikiwa safi. Mimi siamini sadfa ya namna hiyo. Chanzo kiko mahali ambapo njia za diski hizo mbili hukutana: kumbukumbu ya RAM, prosesa, kadi ya kidhibiti, au ugavi wa umeme.

RAM ndiyo ninayoishuku kwanza, kwa sababu inaeleza ulinganifu huo bila kulazimisha jambo. Bloku inayosubiri kuandikwa hukaa kwenye RAM. Cheksamu yake hukokotolewa humo. Kisha bloku hiyohiyo hupelekwa kwenye diski ya kwanza na ya pili. Biti moja ikigeuka baada ya cheksamu kukokotolewa na kabla ya bloku kuondoka, diski zote mbili zitapokea kosa lilelile na zitalihifadhi kwa uaminifu kamili. Kwa kuwa data nyingi hubanwa kabla ya kuandikwa, biti hiyo moja yatosha kuifanya bloku nzima isifunguke. (Namba 14, kwa njia, haina maana ya bloku 14, kwani hesabu hupanda kila bloku mbovu inaposomwa, na wewe umeshaendesha skrabu mbili.) Kuna uso wa pili wa tatizo hili ambao orodha yako haiwezi kuuonyesha: biti ikigeuka kabla ya cheksamu kukokotolewa, ZFS itakokotoa cheksamu sahihi ya data isiyo sahihi, na hakuna skrabu itakayolalamika kamwe. Nitalirudia hilo mbele.

Uliposema kwamba mistari ileile inarudi katika skrabu zote mbili, ulinisaidia kuchagua. Kama orodha ingekuwa inabadilika kila mara, faili hili leo na lile kesho, ningesema kosa hutokea wakati wa kusoma, na huenda data iliyo kwenye diski ni nzima. Orodha isiyobadilika inaelekeza kwenye data iliyoandikwa mbovu. Hata hivyo usiendeshe skrabu ya tatu kwenye mashine hiyo. Hofu iliyoenea kwamba skrabu kwenye RAM mbovu itaangamiza hodhi zima imetiwa chumvi, kwa sababu skrabu huandika pale tu inapokuwa na nakala nyingine iliyopita uhakiki. Lakini ukaguzi unaofanywa na mkaguzi mwenye shaka hautakupa taarifa mpya ya kutegemea, na kila saa ambayo hodhi linaandikwa ni saa ya kuongeza madhara.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusimamisha uandishi. Zima mashine pepe, simamisha huduma zote zinazogusa hodhi, kisha nakili nje ya seva matokeo ya zpool status -v, zpool events -v na ripoti kamili za smartctl -a za diski zote mbili. Matukio ya zpool events yamo kwenye kumbukumbu ya kerneli na hupotea mashine inapozimwa, nayo ndiyo yanayoonyesha ni diski ipi, sehemu ipi ya diski na saa ngapi kila kosa lilitokea. Yakishapotea huna pa kuyatoa. Baada ya hapo liondoe hodhi kwa zpool export, na ukilirudisha, lirudishe kwa zpool import -o readonly=on ili pasiwe na njia ya kuliandika hata kwa bahati mbaya.

Kwenye ripoti za SMART, usitazame neno la jumla linalosema diski imefaulu, kwa sababu diski nyingi hufa zikiwa na cheti hicho. Tazama sifa namba 5, 197 na 198, zinazohesabu sekta zilizohamishwa, zinazosubiri uamuzi na zilizoshindikana kusomeka, kisha namba 199, inayohesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kidhibiti. Ikiwa namba 199 inapanda kwenye diski zote mbili, kebo na kadi ya kidhibiti zinapanda juu kwenye orodha ya washukiwa.

Kisha ipime RAM. Washa seva kwa Memtest86+ kutoka kwenye flashi, diski zako zikiwa zimechomolewa, na uiache izunguke usiku mzima. Kosa hata moja ni hukumu. Hakuna kiwango cha makosa ya RAM kinachovumilika. Matokeo safi, kwa upande mwingine, hayaiachii huru, kwa sababu RAM dhaifu hukosea zaidi joto likipanda na kazi zikiwa nzito. Kama RAM au prosesa imewekewa kasi inayozidi ile ya kawaida yake, irudishe kwenye kasi ya kawaida kabla ya kupima.

Ushauri wangu, ukiweza kupata mashine ya pili, ni kutosubiri hukumu ya kipimo. Hamishia diski zote mbili kwenye kompyuta nyingine, na heri yenye RAM ya ECC, inayogundua na kusahihisha biti moja iliyogeuka. ZFS haijali diski zimechomekwa wapi wala kwa mpangilio gani, kwa sababu kila diski hubeba lebo nne zinazoeleza hodhi lake, mbili mwanzoni na mbili mwishoni. Lifungue hodhi huko kwa kusoma tu na ujaribu kusoma yale mafaili. Ikitokea yakasomeka, umepona kwa gharama ya bisibisi. Yanakili mara moja kwenda kwenye hifadhi nyingine. Yasiposomeka, umethibitisha kwamba kosa limo kwenye data yenyewe, na sasa tunaweza kulishughulikia faili moja baada ya jingine tukiwa kwenye mashine tunayoiamini.

Faili la video ndilo jepesi. Kama lipo kwenye nakala rudufu, lirudishe na usihangaike zaidi. Kama halipo, fahamu kwamba hukulipoteza lote. ZFS hukataa kutoa bloku mbovu tu, na kwa mpangilio wa kawaida bloku ya faili kubwa haizidi kibibaiti 128. Amri ya cp hukata tamaa kwenye kosa la kwanza, na hapo ndipo watu wengi hudhani faili zima limekwenda. Tumia GNU ddrescue, ambayo huruka mahali pabovu, huendelea hadi mwisho, kisha huandika kwenye faili la ramani ni baiti zipi hasa hazikupatikana. Ramani hiyo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, maana bila hiyo hutaweza kutofautisha tundu na data halali. Video yenye tundu dogo kwa kawaida hukwaruza picha kwa muda mfupi kisha hurudi kwenye hali yake. Si kila aina ya faili ina uvumilivu huo: faili la ZIP hubana kila kilichomo peke yake na hivyo hupoteza kile tu kilichoguswa na tundu, ilhali faili la gzip ni mkondo mmoja, na kinachofuata baada ya tundu ni vigumu mno kukifungua.

Mstari wa snapshoti hauwezi kurekebishwa kwa kuandika juu yake, kwa sababu snapshoti haiandikiki. Ikiwa huihitaji, iharibu kwa zfs destroy na bloku mbovu itaondoka nayo. Lakini kumbuka kwamba bloku moja inaweza kushirikiwa na snapshoti kadhaa pamoja na faili lililo hai, na kosa litabaki mpaka wa mwisho anayeishika aiachie. Usikimbilie kuharibu snapshoti yoyote kabla hatujamaliza na mashine pepe.

Mstari wa namba tupu una maana hii: namba ya kwanza ni kitambulisho cha mfumo wa faili ndani ya hodhi, na ya pili ni kitambulisho cha kitu kilichomo. ZFS huandika namba pale inaposhindwa kupata jina, na mara nyingi sababu ni kwamba faili hilo au snapshoti yake imekwisha kufutwa. Mstari kama huo hauhitaji kuokolewa chochote. Wengi hushangaa unapobaki hata baada ya kufuta kila kitu. Hubaki kwa sababu kumbukumbu ya makosa hutunza matokeo ya skrabu iliyopita pamoja na ya sasa, na hivyo huenda zikahitajika skrabu mbili kamili kabla haujatoweka. Kama badala ya namba ungekuwa umeona neno <metadata>, jibu langu lingekuwa zito zaidi, kwa kuwa ZFS huhifadhi metadata (data inayoeleza mpangilio wa data nyingine) kwa nakala za ziada juu ya zile za kuakisi, na kushindwa kwa nakala zote hizo ni dalili ya uharibifu mpana.

Picha ya mashine pepe ndiyo kazi yenyewe, kwa sababu ni tabaka juu ya tabaka: ndani ya picha mna mfumo wa faili, ndani ya mfumo wa faili mna hifadhidata, na tundu moja linaweza kuangukia mahali pasipo na kitu au katikati ya jedwali unalolitegemea. Anza na njia zisizohitaji upasuaji. Kama uliwahi kutuma snapshoti za mfumo huo kwenye mashine nyingine kwa zfs send, una bahati, kwani ZFS hukataa kutuma bloku isiyolingana na cheksamu yake, isipokuwa mtu awe amebadilisha mpangilio huo kwa makusudi. Hivyo utumaji uliokamilika ni ushahidi kwamba kilichofika upande wa pili kilikuwa kizima kwa mujibu wa cheksamu zake. OpenZFS, yaani ZFS inayotumika kwenye Linux, kuanzia toleo la 2.2, lililotoka mwaka 2023, ina zfs receive -c, ambayo hupokea mkondo wa snapshoti uliyo nayo pande zote mbili na kuziandika upya bloku mbovu mahali pake. Huponya bloku za data tu, si metadata, na baada yake skrabu inahitajika ili kuthibitisha. Bila shaka hodhi litalazimika kufunguliwa kwa kuandikika, basi jambo hilo lifanyike kwenye mashine safi pekee.

Kama huna utumaji wa namna hiyo, zitazame snapshoti zilizo kwenye hodhi lenyewe, lakini uelewe zinachoweza na zisichoweza kukupa. Ikiwa bloku mbovu iliandikwa kabla ya snapshoti kuchukuliwa, snapshoti inaelekeza kwenye bloku hiyohiyo na haikusaidii. Ikiwa iliandikwa baadaye, snapshoti ina maudhui ya zamani ya mahali pale, ambayo ni mazima lakini si ya leo. Wapo wanaochukua bloku ya zamani na kuziba nayo tundu la picha ya leo. Kwa hifadhidata sikushauri kufanya hivyo hata kidogo, kwa sababu utapata ukurasa wa juzi katikati ya kurasa za leo, na faharasa zitakazoelekeza kwenye safu zisizokuwepo. Ni afadhali kuichukua snapshoti nzima, ukubali kupoteza saa au siku zilizofuata, na kama ulikuwa unahifadhi kumbukumbu za WAL za PostgreSQL (orodha ya mabadiliko ya hifadhidata) pamoja na nakala ya msingi, uzitumie kuisogeza hifadhidata mbele hadi karibu na wakati wa ajali.

Zote hizo zikishindikana, nakili picha nzima kwa ddrescue kwenda kwenye hifadhi nyingine, na kuanzia hapo usiguse asili. Kila jaribio lifanyike kwenye nakala ya nakala. Hapa kuna mtego ambao sijauona ukitajwa vya kutosha. Nakala itakayotoka itakuwa na sufuri mahali penye matundu, na PostgreSQL huuhesabu ukurasa wenye sufuri tupu kuwa ni ukurasa mpya usio na kitu. PostgreSQL haitalalamika, hata kama cheksamu za data zimewashwa; itaendelea kana kwamba safu zilizokuwemo hazikuwahi kuandikwa. Ukurasa wa PostgreSQL ni kibibaiti 8, kwa hiyo tundu la kibibaiti 128 linaweza kumeza kurasa 16 za jedwali bila neno lolote kwenye kumbukumbu za makosa. Ili kuepuka hali hiyo, tumia uwezo wa ddrescue wa --fill-mode pamoja na ile ramani, ujaze matundu yote kwa maandishi yanayotambulika kwa urahisi. Hapo hifadhidata itapiga kelele pale inapopaswa kupiga kelele.

Baada ya kujaza, ujue matundu yameangukia wapi. Ikiwa ndani ya picha mna mfumo wa faili wa ext4, ufungue mfumo huo kwa -o ro,noload ili yaliyomo kwenye jarida lake yasiandikwe kwenye mfumo wenyewe, na uendeshe e2fsck -n kwanza, ambayo husema ingefanya nini bila kufanya. Ninasisitiza hili kwa sababu kazi ya programu za aina ya fsck ni kuufanya mfumo wa faili ukubaliane na nafsi yake, na ili kufikia makubaliano hayo ziko tayari kukata, kufupisha na kutupa kwenye lost+found vitu ambavyo wewe ungevihifadhi. Kwa debugfs, amri ya icheck hukutoa kwenye namba ya bloku hadi kwenye inodi (kumbukumbu inayoeleza faili), na ncheck hukutoa kwenye inodi hadi kwenye jina la faili. Jina hilo likiwa ndani ya saraka ya PostgreSQL litakuwa ni namba, na oid2name itakuambia ni jedwali au faharasa ipi.

Jibu la hatua hiyo ndilo linaloamua ukubwa wa hasara. Tundu likiwa kwenye nafasi isiyotumika au kwenye faili la mfumo endeshi, hifadhidata yako ni nzima na uitoe kwa pg_dump, amri ya PostgreSQL ya kutoa data. Likiwa kwenye faharasa, REINDEX huijenga upya kutoka kwenye jedwali na hakuna safu inayopotea. Likiwa kwenye jedwali, toa kwanza majedwali mengine yote kwa pg_dump, kisha, kwenye nakala tu, washa zero_damaged_pages (mpangilio unaozihesabu kurasa mbovu kuwa tupu) na ulitoe jedwali lililobaki. Utapoteza safu zilizokuwa kwenye kurasa zile, na mara nyingi mapengo katika namba za utambulisho yatakuonyesha ni safu zipi, ukaweza kuzitafuta kwenye stakabadhi, barua pepe au mifumo mingine. Likiwa kwenye pg_xact, inayotunza habari ya miamala ipi ilikamilika, usijaribu peke yako. Huko ndiko mtu mwenye uzoefu wa undani wa PostgreSQL analipiwa. Katika hali zote, usiirudishe kazini saraka iliyotibiwa. Rudisha kilichotoka kwa pg_dump kwenye hifadhidata mpya, na kama ni toleo la 14 au baadaye, ipitishe pg_amcheck (amri ya kukagua uzima wa majedwali na faharasa) kabla ya kuwafungulia watumiaji.

Sasa nirudi kwenye yale yasiyo kwenye orodha. Ikithibitika kwamba RAM ilikuwa mbovu, mafaili yote yaliyoandikwa katika kipindi cha ubovu ni ya kutiliwa shaka, hata yale ambayo ZFS inayapitisha. Kipindi hicho huwezi kukijua kwa yakini, lakini unaweza kukiwekea mpaka: zpool history -i huonyesha skrabu zilizopita, na ile ya mwisho unayokumbuka kuwa ilimalizika bila kosa ni mahali pa kuanzia. Tafuta kwa find mafaili yaliyobadilika tangu tarehe hiyo, kisha yalinganishe na nakala rudufu kwa rsync -naci, ambayo husoma maudhui ya pande zote mbili na kutaja tofauti bila kunakili chochote. Kwa yasiyo na nakala, tumia uhakiki ulio ndani ya aina ya faili lenyewe: unzip -t, gzip -t, git fsck, au PRAGMA integrity_check kwa SQLite. Kagua pia toleo la OpenZFS ulilokuwa ukitumia, kwa sababu matoleo yaliyotangulia 2.2.2 na 2.1.14, yote mawili ya Novemba 2023, yalikuwa na hitilafu iliyoweza, mara chache, kuacha sehemu za sufuri ndani ya faili lililonakiliwa mara tu baada ya kuandikwa. Nayo ilikuwa ya aina hiihii isiyoonekana kwa cheksamu.

Kuhusu zpool clear, inafuta hesabu tu na haigusi bloku hata moja. Vivyo hivyo kuzima cheksamu kwa checksum=off, ushauri ninaouona ukitolewa na watu wanaotaka faili lifunguke kwa lazima: bloku zilizokwisha kuandikwa huendelea kuhakikiwa kama zilivyoandikwa, na utakachopata ni kuinyima data mpya shahidi wake. Amri ya zpool import -F nayo haikuhusu, kwa kuwa hurudisha nyuma miamala ya mwisho ya hodhi linalokataa kufunguka, na lako linafunguka. Kubadilisha diski ni kazi bure katika hali hii, kwani diski mpya itajazwa kutoka kwa mwenzake aliye na bloku zilezile mbovu.

Mtu anaweza kuuliza kama hodhi lenyewe lijengwe upya. Kama mistari ni hii minne tu na RAM ikapatikana na kosa dogo la karibuni, sioni ulazima. Kama Memtest86+ ikitoa makosa kwa wingi, au kama seva ilikaa miezi mingi bila skrabu, ningejenga hodhi jipya na kuhamisha data kwa rsync, faili kwa faili, badala ya zfs send, ili metadata yoyote iliyopinda ibaki kwenye hodhi la zamani. Utapoteza snapshoti zako kwa njia hiyo, na ni wewe unayejua zina thamani gani.

Ukishabadilisha kilichokuwa kibovu na kuondoa au kurejesha yale mafaili manne, ndipo uendeshe zpool clear, kwa kusudi la kuanza hesabu kutoka sufuri, kisha skrabu mbili zinazofuatana. Kwa wiki chache zinazofuata itazame safu ya CKSUM. Ikipanda kwenye diski moja tu, badilisha kebo yake kwanza na diski baadaye. Hapo ndipo swali lako la kununua diski litakuwa na msingi. Ikipanda tena kwenye zote mbili kwa pamoja, hukuipata sehemu mbovu: zirudishe diski kwenye mashine ya kuazima na uendelee kuitafuta hitilafu kwenye seva, ukianza na ugavi wa umeme na kadi ya kidhibiti.